Nani Alisema Mghosi Halii?

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nitakusimulia. Lakini kwanza ujue kilichonifanya leo nipaze sauti, mimi ambaye majirani hapa Same wananijua kwa ukimya. Tangu nishuke kutoka milimani kuja kukaa kwa mjukuu wangu, nadhani wapo waliodhani kwamba mimi ni bubu.

Mjukuu wangu anaitwa Mbonea. Anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko karibu na stendi. Mkewe ni Namsifu, na binti yao ni Nakunda, ambaye hata miaka mitatu hajafikisha. Jicho la kushoto la Nakunda linaingia ndani, linatazama pua. Muuguzi wa zahanati alipoliona alisema mtoto huyu apelekwe kliniki ya macho, wakapangiwa siku. Siku yenyewe ni Alhamisi hii.

Leo asubuhi nilikuwa uani napepeta mahindi ya makande. Nakunda alikuwa analilia simu ya baba yake, analia vile watoto wanavyolia, kwa mwili mzima. Mbonea, helmeti iko mkononi anataka kwenda kazini, akamwinamia na kumwambia: "We lia tu. Alhamisi daktari atalichomoa hilo jicho ampe paka."

Jirani yetu aliyekuwa anafua akacheka. Namsifu naye akacheka. Nakunda akanyamaza papo hapo, kama redio iliyozimwa.

Ungo ukanitoka mikononi. Mahindi yalimwagika yote, kuku wakayavamia, na sikuwafukuza.

"Mbonea," nikamwita. "Rudia ulichosema."

"Bibi, shikamoo kwanza. Leo hatujasalimiana."

"Marahaba. Rudia."

"Aa, Bibi jamani. Ni utani tu. Si unaona amenyamaza?"

Amenyamaza. Mwanangu, hilo neno lilinipanda kichwani kama moshi wa kuni mbichi.

Watu wa mikoa mingine wanatucheka sisi Wapare. Wanasema tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitakia kuku. Waseme. Mimi tangu nizaliwe sijampeleka mtu hata kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini leo nina kesi, na ninaifungua hapa mbele yako wewe unayelea mtoto. Simshitaki Mbonea peke yake. Nalishitaki lile neno ambalo karibu kila nyumba inalo, kama ufagio: "Nyamaza, daktari atakuchoma." Na shahidi wangu yuko kaburini, juu huko mlimani, chini ya migomba.

Aliitwa Senkondo. Alikuwa mwanangu wa kwanza.

Alipewa jina la babu yake, baba wa mume wangu, ndivyo tunavyofanya. Na mtoto akishabeba jina la babu, hammwiti tena kama mtoto. Mnamwita kwa heshima ya babu. Kwa hiyo tangu yuko mgongoni watu walimwita Mghosi. Hilo ni neno letu la Kipare, mghosi ni mwanamume, mzee wa heshima. "Mghosi ameamka?" "Mghosi amekula?" Naye anaitika, na kamasi puani.

Tulikaa kijijini juu, kwa wakwe zangu. Mume wangu alikuwa anachimba jasi kule Makanya, anapanda kuja nyumbani akipata nafasi. Mimi nilikuwa nashinda kwenye tangawizi, na siku za gulio nabeba mzigo. Mtoto nilimwacha na wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa hajaolewa, na mwanangu alikuwa kama wake. Sitaki kumsingizia. Alimpenda. Alimtafunia nyama, alimbeba akiwa na homa, na kanga yake mpya ya Krismasi aliichana ampatie mtoto nepi. Nayasema haya ili ujue kwamba mtu anaweza kumwangamiza mtoto huku anampenda sana.

Kitu cha kwanza nilikiona asubuhi moja nilipokuwa namnawisha uso mlangoni. Jua lilikuwa linatoka, likampiga usoni kwa upande, na katika mboni ya jicho la kulia nikaona cheupe kinang'aa. Si tongotongo, si mtoto wa jicho kama wa wazee. Kilikuwa ndani kabisa, kinawaka kama jicho la paka ukilimulika. Akageuza kichwa, kikapotea.

Niliwaonyesha watu. Wengine hawakukiona, wengine walikiona wakacheka. Mwanamke mmoja jirani akasema, "Mshukuru Mungu, nyumba yako haitakuwa na panya." Mtoto akapewa jina la utani pale kisimani. Paka wa Senkondo. Mzaha mzaha hutunga usaha, wazee walisema, na sisi tulicheka mpaka usaha ukatunga.

Mkwe wangu, mzee Senkondo, hakucheka. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akatazama kwa muda. Akasema, "Hili mlipeleke kwa mwenye kazi yake." Siku zile daktari wa macho alikuwa hakai Same. Alikuwa anakuja kwa siku maalumu, na tangazo linasomwa kanisani. Lilipokuja kusomwa nikaanza kujiandaa. Nilifua nguo ya mtoto. Nilipika maandazi ya njiani. Nilimwomba mwenye lori la tangawizi nafasi ya kukaa mbele. Mwili wa mtoto niliuandaa wote, mwanangu, mpaka kucha nilimkata. Nikasahau kwamba ndani ya mwili ule kuna mtu.

Huyo mtu alikuwa anaandaliwa na mwingine. Mimi nikiwa shambani, wifi yangu alikuwa na dawa yake ya kumnyamazisha mtoto. Mtoto akililia uji, "Nyamaza, daktari wa macho atakuja." Akianguka akajikwaruza goti, "Ohoo, unalia? Daktari anawang'oa macho watoto wanaolia. Anaweka mfukoni." Kisha anamfuta machozi kwa mkono, anambembeleza: "Mghosi halii. Eti Mghosi? Mghosi halii." Mtoto naye anarudia, anajipiga kifua: "Mghosi halii!" Nyumba nzima inacheka. Hata mimi nilimkuta siku moja anajipiga kifua hivyo, nikamwona shujaa. Sikujua wimbo ule una ubeti wa kwanza.

Basi tukashuka Same. Nakumbuka vumbi, na foleni ya watu wenye vitambaa machoni, bibi wa Kimaasai aliyeongozwa na mjukuu wake kwa fimbo, watu wa kule Ziwa Jipe waliokuja tangu jana yake. Mwanangu alikaa mapajani mwangu ametulia. Watu wakamsifu. "Mtoto ana adabu huyu."

Tukaitwa. Daktari alikuwa mtu mpole, nasema kweli, sina kesi naye. Alikuwa na kitochi kidogo. Akasema, "Karibu, mzee wangu. Unaitwa nani?"

Mwanangu akamtazama yule mtu mara moja tu. Akafumba macho. Si kufumba kwa kawaida. Alifumba mpaka uso wote ukajikunja, na juu ya macho akaweka viganja vyake viwili, akavikandamiza. Na hakulia. Alikuwa anatetemeka, nilisikia moyo wake unagonga kwenye mkono wangu kama wa kifaranga, lakini sauti hakutoa hata kidogo.

Daktari alimwimbia. Muuguzi alileta biskuti. Mimi nilimbembeleza, kisha nikamkaripia, kisha nikaona aibu. Muuguzi alijaribu kumwondoa vidole, daktari akamzuia, akasema, "Acha. Nikilazimisha kope za mtoto anayejikaza hivi nitamuumiza, na sitaona kitu." Akanigeukia. "Mama, ni nani amemtisha huyu?"

Nikajibu, "Hakuna." Maana sikujua.

Akasema kuna jambo analihofia, jambo baya, lakini hawezi kusema bila kuona ndani ya jicho. Nimpeleke Moshi, kule kuna dawa ya kumlaza mtoto usingizi ili apimwe bila kuogopa. Nisikae. Alirudia hilo: nisikae.

Kwenye lori tukirudi, tulipoanza kupanda, ndipo mtoto alipotoa mikono usoni. Nikamuuliza, "Baba, mbona ulifumba?"

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Asichukue." Halafu akajipiga kifua, taratibu, bila furaha. "Sikulia."

Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka, mwanangu. Hapo kwenye lori ndipo nilipojua.

Nilifika nyumbani nikiwaka. Nilimwambia wifi yangu maneno ambayo mke hamwambii dada wa mumewe. Naye akashangaa, kabisa akashangaa. "Mimi? Mimi nilikuwa namtania tu! Sisi wote si tulitishiwa hivyo? Tuko vipofu?" Na wengine wakamuunga mkono. Wote walitishiwa hivyo. Wote wako wazima.

Jioni ile wakakaa kikao kuhusu Moshi. Shemeji zangu wawili walikuwepo, na wifi. Mkwe wangu alikuwa amekwenda msibani Gonja, hakuwepo, na mume wangu alikuwa Makanya. Nilieleza kila neno la daktari. Shemeji mkubwa akasema dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo ni kumpimia jeneza. Halafu wifi yangu akasema neno ambalo mpaka leo nikilala chali nalisikia. Alisema, "Na mbona mtoto mwenyewe halii? Mtoto anayeumwa hulia. Huyu hajalia hata siku moja, miezi sasa. Ni mzima."

Umeelewa, mwanangu? Tulimfundisha asilie. Akajifunza, maana alikuwa mwepesi. Kisha kunyamaza kwake tukakufanya ushahidi kwamba haumwi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha mwenyewe. Sisi watu wazima tulimfungia maradhi yake ndani ya mdomo, tukaukalia mlango.

Tukasubiri. Mvua za masika zikakata barabara, mkwe wangu akakwama Gonja. Jicho likaanza kuwa jekundu, kisha likaanza kuvimba. Usiku nilimsikia anasaga meno, anakung'uta miguu kwenye blanketi, na hakulia. Nilimwambia, "Lia, baba. Mama anakuruhusu, lia." Alinitazama kama ninayemtega. Hakuniamini. Na kwa nini aniamini? Watu wazima wa nyumba ile walikuwa wamesema kitu kimoja kwa miezi, na mimi nilikuwa mmoja.

Mkwe wangu aliporudi na kuliona jicho, hakuuliza. Aliniambia nimfunge mtoto mgongoni, akatangulia na panga kukata miti iliyoanguka njiani, tukashuka kwa miguu mpaka kwenye lami. Moshi madaktari walifanya waliloweza. Walisema tungefika mapema labda wangeliokoa jicho, na kama si jicho, mtoto. Sasa ilibidi walitoe, wajaribu kumwokoa yeye.

Basi sikiliza. Lile alilotishiwa ndilo lililomfika. Alizinduka, kitambaa kimefungwa nusu ya kichwa. Akainua mkono, akapapasa. Akapapasa tena. Akanigeukia na jicho lake moja, akaniuliza:

"Mama, mbona mimi sikulia?"

Alidhani ni hukumu. Alidhani kuna mahali alikosea, chozi lilimtoka mahali bila yeye kujua, daktari akaliona. Alitimiza sharti lote, mwanangu. Maumivu ambayo mtu mzima angepiga kelele kijiji kizima kikaamka, yeye aliyameza, ili alinde jicho lake. Na bado walilichukua. Nilimweleza. Lakini unamweleza nini mtoto wa miaka mitatu?

Tulirudi naye nyumbani. Ule ugonjwa ulikuwa umekwisha kutambaa mwilini. Alitutoka msimu wa mavuno ya maharage, kimya kimya, kama alivyokuwa amefundishwa.

Katika matanga watu walijaa. Wifi yangu alikuwa ameketi karibu yangu amejitanda kanga, akisema yale yanayosemwa. "Ni mapenzi ya Mungu. Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Watu wanaitikia. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, hajasema neno tangu kaburini. Akainua kichwa.

"Usimsingizie Mungu," akamwambia binti yake. "Mungu hakumtisha mtoto."

Mtu mmoja akakohoa, akataka kutuliza, "Mzee, tuvumilie, wewe ni mghosi..."

"Mghosi ni nani?" akauliza mkwe wangu. Akasimama. Alikuwa mrefu, na mpaka siku ile sikuwahi kumwona amevua kofia mbele za watu. Akaivua. "Mghosi ni mimi. Senkondo ni mimi. Jina lile mtoto aliliazima kwangu. Sasa nani alisema mghosi halii?"

Akalia, mwanangu. Hakulia kwa kujificha na kitambaa. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mzee wa watu aliyekuwa akiamua kesi za mipaka na mifereji ya kijiji kizima, makamasi yakimshuka kwenye ndevu. Watu hawakujua waangalie wapi. Watoto wa boma walikuwa wamejazana karibu na jiko, wanachungulia. Akawaita.

"Njooni hapa. Njooni wote, karibuni zaidi. Mmeniona nimelia? Nitazameni. Macho yangu haya hapa. Hakuna aliyekuja kuyachukua. Mkiumia, lieni. Mtu mzima akiwaambia daktari ni zimwi, huyo mtu mzima ni mwongo, na mumwambie kwamba mimi ndiye niliyesema, hata kama ni baba yenu, hata kama ni mimi."

Kisha akaivaa kofia yake, akaketi tena. Tangu siku ile, katika boma lile, nimeishi mpaka nikaota mvi, sikusikia mtoto anatishiwa daktari. Ndiyo maana leo ungo ulinianguka. Mbonea ni wa damu ya mzee yule, mjukuu wa mwanawe. Lakini alizaliwa mjini, na maneno ya mzee hayakushuka mlima pamoja nasi. Kosa la kutoyashusha ni letu tuliobaki.

Utaniuliza kama nilimsamehe wifi yangu. Sijui. Alipokufa nilimwosha mimi mwenyewe, na nilimwosha vizuri. Zaidi ya hapo usinidai.

Basi, wewe unayelea, sikia neno langu. Nina hasira, na sitaipunguza ili ulipende.

Huwezi kumwandaa mtoto kwenda kwa daktari wa macho kwa kufua nguo na kukata kucha. Daktari wa macho anahitaji kitu kimoja ambacho hawezi kukinunua wala kukilazimisha: jicho lililofumbuliwa. Ufunguo wa jicho hilo mtoto anao mwenyewe, na wewe ndiye unayemfundisha autoe au aufiche. Kila unapomwambia "daktari atakuchoma" ili upate dakika mbili za kimya, unaukopa ufunguo ule, na siku ya kliniki huna.

Mwambie ukweli, na umwambie kwa maneno yanayomtosha. Usianze wiki nzima kabla, atachanganyikiwa. Jana yake inatosha, na asubuhi yake tena. Mwambie kuna chumba, huenda kina giza kidogo. Kuna mtu ana tochi, atatazama macho, mama atakuwa amekupakata. Labda watatia matone, yatawasha kidogo, kisha yataacha. Usimwambie "haiumi hata kidogo", maana ikiwasha atajua wewe ni mwongo, na siku ya pili hatafumbua. Cheza naye nyumbani. Mfunike jicho moja na kiganja umwonyeshe kuku, kisha jicho la pili, uone analalamika ukifunika lipi. Mpe yeye tochi amulike macho ya mwanasesere wake. Maji mtie tone mgongoni mwa mkono, acheke. Siku yenyewe ale, alale kama anavyolala, na ubebe kofia au kanga, kwa sababu baada ya matone yale jua humsumbua. Usiende umejaa hofu za jirani.

Na ukiona cheupe ndani ya mboni, au mwanga wa simu kwenye picha ukikuonyesha jicho moja linang'aa tofauti na lenzake, usingoje tangazo, usingoje kikao cha shemeji, usingoje alie. Nenda.

Zaidi ya yote, usimpe mtoto masharti ya machozi. Usiseme "ukinyamaza nitakununulia pipi". Pipi mpe kwa sababu ni mtoto. Machozi ya mtoto ndiyo mdomo wake kabla hajajua maneno. Wewe ukiyafunga, nani atakuambia panapouma?

Jicho la Nakunda lina nini sijui. Mimi si daktari, shule yangu iliishia darasa la nne. Labda ni kengeza tu, atapewa miwani. Naomba iwe hivyo.

Mbonea nilimsimulia haya yote asubuhi ile ile, akaenda kazini bila kunijibu. Nikadhani amenuna. Mchana akarudi, pikipiki akaiacha nje, akavua viatu akakaa mkekani mbele ya binti yake. Nilikuwa jikoni nasikia.

"Nakunda. Baba alisema uongo asubuhi."

Mtoto akashika kiatu cha baba yake.

"Daktari hachukui jicho. Anatazama tu. Halafu tunarudi nalo nyumbani, mimi na wewe na mama na jicho."

"Na paka?"

"Paka atakula dagaa."

"Likiuma?"

"Likiuma utalia."

"Nilie?"

"Lia. Lia sana. Hebu lia nisikie."

Nakunda akamtazama baba yake, akanitazama mimi mlangoni. Akavuta pumzi, akafumbua macho yote mawili, lile linalotazama mbele na lile linalotazama pua, akapiga ukelele ambao jirani aliyekuwa anaanua nguo aliangusha shuka. Kisha akacheka mwenyewe. Kisha akapiga tena.

Nilirudi jikoni nikakoroga makande yaliyokuwa yanataka kuungua. Nililia kidogo, sikujifuta.

Nenda salama, mwanangu. Mungu ayalinde macho ya mtoto wako, akupe subira ya foleni na ulimi usiotisha. Na akujalie mtoto anayelia kwa sauti, umsikie mapema.